Nukta Yenye Mkia

Fundi Gurdial, nyuma ya Soko la Kilombero,
huvaa lenzi pajini kama mtu aliyesahau jicho la tatu.
Aliniwekea mezani kioo kisichozidi kiberiti,
akabonyeza kitufe.
"Lenga ule ukuta. Sema unachokiona, Nnko."

Nikasema, naona nukta.
Miaka ishirini na sita porini
humfundisha mtu uongo mfupi.
Nilichoona ni nyanya iliyokanyagwa,
nyota yenye mkia,
koma iliyotoroka sentensi ya mtu mwingine
ikaja kujilaza kwenye ukuta wa jirani.

"Duara?"
"Duara."

Akanitazama anavyotazama risasi yenye kutu.
Akatoa simu, akaibandika kamera pale penye jicho langu,
akapiga picha.
Pichani nukta ilikuwa punje ya ulezi. Duara. Safi.
"Kioo hakina kosa," akasema,
akaanza kupangusa meza iliyokuwa safi tayari.

Sikumwambia habari za Julai.
Mgeni alimjeruhi nyati, na bunduki ya pili ni mimi.
Kilengeo cha nyuma kilikuwa ukungu,
cha mbele ukungu ndani ya ukungu,
na nyati, nyati peke yake,
alionekana vizuri hadi kupe wa sikioni.
Alianguka. Wakanipiga mgongoni, bia ikafunguliwa.
Usiku nilirudi na tochi kuhesabu hatua:
kumi na moja.
Nikahesabu tena, nikapata kumi.

Moshi, Daktari Msofe alizima taa:
"Konea yako si chungwa, baba, ni yai,
kwa hiyo mwanga unamwagika.
Hilo umezaliwa nalo.
La pili ni miaka hamsini na nne, nalo halina dawa."
Akanifunika jicho kwa kibao cheusi chenye kitundu.
Herufi zilizokuwa zikizurura ukutani
zikarudi mstarini kama watoto waliosikia kengele.
Nikacheka peke yangu gizani.

Sasa Gurdial ananipangia vioo kama sahani za harusi.
Hii darubini ndefu: nzuri kwa swala wa ng'ambo ya mbuga;
kichakani utaona manyoya tu, usijue ni ya bega au ya tako.
Hii ya mche, alama zake zimechongwa kiooni,
zungusha pete ya nyuma mpaka ifuate jicho lako.
Nikazungusha. Ee, mistari ikasimama wima!
Lakini ni nzito, tena inataka jicho likae pale pale,
na nyati hangoji mtu akae.
Punguza mwanga wa nukta, basi.
Nikapunguza: koma ikawa koma ndogo.

Mwisho akafungua kopo la biskuti,
akatoa pete ya chuma yenye tundu katikati.
"Haina betri," akasema, kidogo kwa aibu,
maana bei yake ni mishikaki ya watu wawili.

Nikachungulia. Kilengeo cha mbele kikasimama,
chembamba, kikali,
na nyuma yake Meru, na moshi wa mtu anayechoma majani.
Sikutaka kuiondoa usoni.

"Ila tundu linakula mwanga," akasema.
"Saa kumi na mbili jioni wewe ni kipofu mwenye bunduki."

Alikuwa bado anaifunga kwa skrubu
nilipotoka nje kumwandikia Lomayani,
kijana anayebeba maji na kuona kila kitu.
Nikanyoosha mkono mpaka mkono ukaisha,
nikaandika kwa kidole kimoja:
Jua likizama, bunduki ya pili ni wewe
Mwishoni nikaweka nukta. Au koma.
Niliitazama sana, ilikuwa na mkia,
nikaituma hivyo hivyo.